Sauti Isiyojaza Pishi

Kilwa Masoko, baada ya alasiri

Mwanangu Somoe,

Barua tulizofundishwa kuandika shuleni zilianza hivi: mimi huku sijambo, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali. Nimekaa hapa kibandani na karatasi, nimeshindwa kuanza hivyo. Wewe huko mbali hujafika bado, uko Kinjumbi tu kumuaga bibi yako, na isha haitakukuta huko. Na hiyo sijambo yenyewe sina hakika nayo. Kwa hiyo salamu tuziache, tulikwisha kusalimiana asubuhi.

Nguo zako, tiketi ya basi, dawa ya mafua, namba ya yule dada atakayekupokea Nairobi, hayo unayajua kuliko mimi. Ulianza kujifulia ukiwa darasa la nne. Siandiki ili nikufundishe kuishi.

Naandika kwa sababu ya jana. Ulikuwa unafungua vipande vya kinanda chako, mimi nimeinamia redio ya mtu, ukaniuliza, "Baba, ukibaki peke yako utaweza?" Nikasema, "Nitaweza." Ukasubiri. Nilijua unasubiri, maana nilisikia bisibisi yako imesimama. Ukasema tena, "Kama huwezi, niambie. Naweza kuwaomba wale watu wa Nairobi niende mwakani." Nikasema, "Nenda." Ukajibu, "Haya," ukaingia ndani, na tangu hapo kinanda hakijalia katika nyumba hii.

Nataka kulijibu swali lile upya. Maneno mawili niliyokupa hayakuwa ya uongo, lakini hayakuwa jibu. Kesho alfajiri utapanda basi, na nikikuacha uondoke na hayo mawili tu, utakuwa umeondoka kama alivyoondoka mama yako. Hilo ndilo ninaloliogopa, na ndilo lililonikalisha hapa na kalamu mimi nisiyeandika hata risiti.

Unaijua kazi yangu. Mtu akija na redio, swali langu ni moja: inasema au haisemi? Mvuvi anataka kunieleza ilivyoanza, kwamba kwanza ilikuwa inakwaruza, halafu ikawa inapotea jioni, halafu siku moja iliingia maji ya chumvi. Mimi namkata. Inasema au haisemi? Haisemi? Weka hapo. Swali hilo limenilisha miaka yote hii, na kwa redio ni swali zuri. Kosa langu ni kwamba nilitoka nalo kibandani nikaingia nalo nyumbani. Unaumwa au huumwi? Umeshiba au hujashiba? Unakwenda au huendi?

Watu wa soko waliniita Mzee Analojia pale mitambo ya zamani ya televisheni ilipozimwa, kila nyumba ikanunua king'amuzi na kazi yangu ya antena ikafa. Nilicheka nao. Wewe ndiye uliyesema kweli, siku moja unamenya muhogo: "Baba, wewe siyo analojia bwana. Wewe ni dijitali kuliko simu yangu. Unajua moja na sifuri tu." Nilikutishia mwiko, ukakimbia unacheka. Mimi nilibaki na mwiko mkononi.

Kinanda chako nacho kina yake. Ulirudi likizo kutoka chuo cha ufundi Lindi, ukanionesha kwenye simu watu wamesimama mbele ya kabati lililojaa nyaya. Ukasema hiki ni kinanda, lakini hakina vidude vya kubonyeza, kina vipande. Kimoja kinatoa sauti, kimoja kinaichuja, kimoja kinaifungulia na kuifungia mlango, na vyote vinaambiana kwa umeme kupitia nyaya za kuchomeka na kuchomoa. Nikakuambia hiyo ni redio iliyopasuka. "Basi tupasue na sisi," ukasema.

Tukapasua. Tulichukua kabati la vyombo aliloliacha mama yako, tukalitoa rafu. Transista zilitoka kwenye vipaza sauti vilivyokufa, vile vitufe vya kuzungusha vilitoka kwenye redio kaseti ambazo wenyewe walizisahau hapa. Jirani yetu Mama Rehema aliuliza kama tumefuga jini. Nikamwambia tumefuga mawili, moja linasoma chuo. Sijui kama niliwahi kukuambia kwamba ile ndiyo miezi niliyofurahi kuliko yote tangu nilipokuwa kijana. Nadhani sikukuambia. Nadhani nilisema, "Lehemu yako imekaa vibaya."

Sauti ya lile kabati niliielewa mara moja. Ni umeme unaopanda na kushuka bila kukatika, kama maji yanavyojaa na kupwa hapa kwetu. Huwezi kuchomeka kijiti mchangani ukasema ni hapa hasa yalipoacha kuwa haya yakawa yale. Taabu ilianza ulipotaka kabati liongee na kompyuta. Kompyuta, ukanieleza, haijui kupanda wala kushuka. Inajua namba. Kwa hiyo katikati pakatakiwa kipande cha kupima umeme mara nyingi mno kwa sekunde, kila kinapopima kinaandika namba, na kingine upande wa pili cha kuzirudisha zile namba ziwe umeme.

Chipu yako ya kwanza ya kupimia ulikuwa umeinyofoa kwenye mashine mbovu, nayo ilikuwa na vipimo vichache. Tukapiga noti moja tukaiacha ife yenyewe. Kwenye kabati ilififia vizuri mpaka sikio likachoka kuifuata. Kwenye kompyuta ilishuka kwa kujikwaa, kra, kra, kra, halafu kimya cha ghafla. Nikasema, "Hii imekufa kabla ya kufa."

Ukanieleza kwa pishi. "Baba, chukulia muuza mchele sokoni hana kibaba wala kopo, ana pishi tu. Ukimpelekea pishi mbili na kitu, anaandika mbili. Ukimpelekea kidogo kisichojaza hata pishi moja, anaandika hujaleta kitu."

"Lakini nimeleta."

"Umeleta. Ila kwake hakiandikiki."

Mimi nikalichukua jambo lile kifundi. Adui wa fundi redio ni kelele, ile shshsh inayokaa chini ya sauti. Nimeipiga vita maisha yangu yote, nikaona hata hapa ndiyo mchawi. Nikalizungushia kabati karatasi ya bati ndani, nikafupisha nyaya, nikachimbia chuma ardhini, nikaacha umeme wa ukutani nikaweka betri. Ulinitazama tu, hukunizuia. Nilipomaliza, kabati lilikuwa na kimya ambacho sijawahi kukisikia kwenye mashine yoyote, nikajisifu mbele yako. Tukapiga noti ile ile. Ikafa mapema na vibaya kama mwanzo, tena safari hii mkwaruzo wake ulisikika wazi zaidi.

Hapo ndipo ulipochukua transista moja mbovu isiyojua kitu ila kuvuma, ukachukua uvumi wake kidogo sana, ukauchanganya na noti kabla ya kuingia kwenye chipu. Nikasema, "Unaharibu." Ukasema, "Subiri, baba." Noti ikashuka. Ikafika pale ilipokuwa inakatika, haikukatika. Ikaendelea kushuka ndani ya ile shshsh, nyembamba, kama mtu anayeongea chumba cha pili, na sikuweza kusema imeisha lini.

Nikakuuliza imewezekanaje. Jibu lako nimelishika neno kwa neno. "Sauti ndogo peke yake haifiki mdomo wa pishi. Kelele inaitikisa. Mara inaisukuma inafika, mara inaiacha. Mashine inaandika moja, sifuri, sifuri, moja. Ukiziangalia namba moja moja ni ovyo. Ukizisikiliza zote kwa pamoja, sauti imo."

Nilitoka nje nikakaa barazani. Ulidhani nimekasirika, kwamba nimehangaika kuitoa kelele na wewe umeirudisha kwa vidole viwili. Ukaniletea chai ukaiweka kando yangu. Sikuwa nimekasirika, Somoe. Nilikuwa namfikiria mama yako.

Mama yako alikuwa na sauti ya chini, hilo unalijua, umeirithi. Jioni alikuwa anakuja kukaa kwenye kizingiti cha kibanda mimi nikilehemu, anasema vitu. Kwamba nyumba ina joto. Kwamba dada yake amefungua duka la vitenge Lindi na anatafuta mtu wa kusaidiana naye. Kwamba ameota yuko stendi. Kwamba siku hizi akipika chakula hakimwiti. Hakuna hata kimoja kilichojaza pishi. Nilikuwa nasikia kila kimoja peke yake, nikiona hakijafika kiwango naandika sifuri, nageukia redio. Nikichoka naye nauliza, "Mama Somoe, kuna tatizo au hakuna tatizo?" Anasema, "Hakuna." Naandika hakuna.

Lakini hilo si baya kuliko yote. Mwanzoni nyumba yetu ilikuwa na kelele. Wanawake wenzake walikuja kusukana nywele, wakicheka mpaka Mama Rehema anasikia. Alikuwa na redio yake ya taarabu dirishani. Alikuwa akiosha masufuria kwa hasira alipokuwa na hasira, na mtu ukiyasikia yale masufuria unajua leo hali si hali. Mimi nikasema siwezi kazi, nahitaji kusikia redio za watu. Nikawaondoa wasusi, nikaondoa taarabu, masufuria nikaomba yaoshwe uani nyuma. Nikaisafisha nyumba kama nilivyolisafisha lile kabati. Na sauti yake ilipobaki peke yake katika kile kimya, ikawa haifiki popote. Wahenga wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi nilikisifu kwa watu, nikisema kwangu kuna amani.

Alipokwenda Lindi kwenye harusi ya binti wa dada yake nilimuuliza, "Unarudi au hurudi?" kwa utani, nikiwa nashika begi lake. Akasema, "Nitarudi." Kisha akaja kaka yake badala yake. Aliongea kwa adabu, akauliza kama nitatoa talaka au sitatoa, na kwa kuwa ni swali la namna ninayoijua, nikajibu upesi. Wewe ulikuwa darasa la sita, umesimama mlangoni na sare. Alipoondoka nikasema mbele yako, si kwako hasa, "Angeniambia tu." Ukasema, "Alikuambia." Nikauliza lini. Ukasema, "Kila siku."

Sisemi haya ili umhurumie mtu. Mama yako ana mume mwema, duka linakwenda, na ukipita Lindi unakula vizuri. Wala sikupi wosia, maana sikio la kufa halisikii dawa na mfano wake ndiye huyu anayekuandikia. Nasema kwa sababu ya ile "Haya" yako ya jana. Nimeitafakari tangu asubuhi. Ulikuwa na mengi kifuani, nililiona bega lako lilivyoinuka, na ukatoa neno moja ukaingia ndani. Ile "Haya" ni yangu. Sauti umechukua kwa mama yako, lakini kufunga mlango umechukua kwangu. Nilikuwa nadhani nimekuachia ufundi tu.

Kuna na jambo jingine dogo. Ulipokuwa chuo nilikuwa nakuona likizo hadi likizo, na kila ukiondoka nilibaki na wewe wa siku ile. Nikakununulia kashata za nazi kwa sababu mara ya mwisho ulizipenda. Ulizila mbele yangu, halafu nikaja kuzikuta umempa Mama Rehema. Nilinuna. Baadaye uliponieleza kwamba kipande cha kupima kikipima mara chache mno, mashine inaunganisha yenyewe na kutengeneza sauti ambayo haikuwapo, nikazikumbuka zile kashata. Binti niliyemnunulia hakuwapo. Nilikuwa nimemuunganisha mwenyewe.

Sasa jibu lako.

Uliniuliza nikibaki peke yangu nitaweza. Sitaweza vizuri. Leo umeondoka asubuhi tu kwenda Kinjumbi, na adhuhuri nilipika ugali wa watu wawili, nikaukalia nikiutazama. Nimebishana na msomaji wa habari. Nimekwenda mara mbili chumbani kwako kutafuta mita yangu ya kupimia redio, ambayo ilikuwa shingoni mwangu. Najua saa mbaya itakuwa magharibi, wakati ule unapoingia na kutupa begi kwenye kiti bila kuangalia limeangukia nini. Zitakuwapo siku ambazo sitafungua kibanda, na mtu akiniuliza nitasema mgongo. Naiogopa nyumba hii, Somoe. Naiogopa kama mtoto anavyoogopa choo cha nje.

Na uende.

Sisemi "lakini uende". Nasema na uende. Haya mawili yanakaa pamoja na moja halilifuti jingine, na kosa la jana ni kwamba nilikupa moja nikalificha jingine nikidhani ndiyo ubaba. Siku wale watu wa Nairobi walipoona video ya kabati letu uliyoiweka mtandaoni wakakuandikia kwamba wanaunda vinanda hivi na wanataka mikono yako, nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia. Kuniuliza nililia kwa furaha au kwa uchungu ni kama kuuliza maji ya Kilwa yanajaa au yanapwa wakati yako katikati. Ukiahirisha mwaka kwa ajili yangu, mwaka mzima nitakutazama kama mtu aliyeshika mali ya mwenzake. Nenda ukijua ninaumia. Nenda ukijua ninajivuna mpaka sokoni wamenichoka. Ukipata nafasi ya kusikia yote mawili kwa pamoja, hapo ndipo nilipo.

Umesema kabati linabaki kwa kuwa ni zito, na kipande cha kati unakwenda nacho pamoja na kompyuta. Ni sawa. Bila hicho kabati halitaongea na mashine yoyote, litaongea na mimi. Ile transista yako ya kuvuma nimeiacha mahali pake. Karatasi ya bati nimeibandua yote leo mchana.

Nina ombi moja tu. Ulipokuwa Lindi, ulikuwa ukinipigia simu unatafuta mahali pa kimya, unajifungia, kwa sababu siku ya kwanza nilikukemea: "Toka kwenye makelele, sikusikii." Ukawa unanipigia kutoka kwenye kimya na habari zilizopangwa. Nimefaulu, baba. Nimekula, baba. Sijambo, baba. Usinifanyie hivyo tena. Nipigie ukiwa popote ulipo. Nataka honi, nataka sufuria, nataka wenzako wakibishana nyuma yako kwa Kiswahili chao cha huko, nataka maji yakiingia kwenye beseni. Usisubiri mpaka uwe na jambo. Nipigie ukiwa huna lolote la kujaza pishi, useme tu kwamba chumba kina baridi, kwamba umeota uko stendi. Nami sitauliza kuna tatizo au hakuna. Nitayasikiliza yote kwa pamoja.

Nasikia bodaboda imesimama nje. Unaagana na dereva, kwa sauti ya chini, siyashiki maneno. Kila siku ukiingia nakuuliza, "Umefika?" nawe unasema, "Nimefika," na tunakuwa tumemaliza. Leo nitakuuliza bibi amesemaje. Halafu nitachomoa hiki chuma cha kulehemu ukutani, niweke mikono yangu magotini, na nisubiri.

Baba yako